Shanzelize Ina Mlima

Magoti

Salum alikuja kwangu Sib, hapa Oman, baada ya alasiri, akakataa kuingia ndani. Alisimama mlangoni akizungusha ufunguo wa gari kidoleni, kama mtu aliyeacha gari katikati ya njia.

"Mbaruk," akasema, "Nasir atakupigia simu. Mwambie magoti yanakuuma."

"Lakini yananiuma kweli."

"Ndiyo vizuri. Hutakuwa umesema uongo."

Nilipomuuliza kuna nini, akanieleza kwa shida kwamba mwanawe Nasir amemkatia tiketi ya kwenda Paris, zawadi ya mtoto kwa baba. Nasir mwenyewe kazi haimruhusu kutoka, na hawezi kumwacha mzee anayekula dawa za moyo asafiri peke yake, kwa hiyo amenichagua mimi niwe mwenzake. "Wewe ukikataa, hana mwengine wa kumtuma," akasema Salum. "Safari itakufa yenyewe, na sote tutapumzika."

Hapo ndipo nilipotakiwa kukataa. Sababu nilikuwa nazo mbili, moja katika kila mguu, na aliyeniomba nikatae alikuwa msafiri mwenyewe. Lakini tabia yangu mnaijua tangu skuli: ukiniambia usifungue, mimi mkono uko kwenye komeo. Nikajisemea, huyu hataki nami niione Paris yake. Simu ilipolia na Nasir akaanza, "Ami Mbaruk, nna ombi kubwa kwako," sikumwacha amalize. Nikamwambia, "Mwanangu, magoti haya yalikuwa yanangoja Paris tu."

Nakuandikieni nyinyi mliosoma nasi Unguja, mlioko huko na mlioko Dar na Dubai, kwa sababu kila mmoja wenu amesikia kipande na kila mmoja ananipigia simu kuuliza kipande kilichobaki. Mtakaowasomea wajukuu waelezeni kwanza habari ya Salum na Shanzelize, maana bila hiyo hawataelewa kitu.

Salum, kabla ya kuja Oman, alifanya kazi melini, chini kabisa kwenye mashine. Kutoka huko alirudi na hadithi moja: alivyotembea Shanzelize, ile barabara pana ya Paris ambayo dunia nzima inaijua. Alianzia kwenye mnara wa jiwe, akapita chini ya miti, akateremka taratibu, akateremka, mpaka chini kabisa kwenye lango kubwa. Karibu na lango akaketi kwenye mkahawa wenye turubai jekundu, na kwenye meza ya pili alikuwapo bibi wa kizungu na mbwa aliyevishwa koti, na yule mbwa akaja kumlalia Salum mguuni.

Marehemu mkewe, Bi Rahma, aliipenda hadithi hii kuliko sisi sote. Kila Idi, watu wakishakula, husikika sauti yake kutoka upande wa wanawake: "Haya, Baba Nasir, tupeleke Shanzelize!" Na Salum hutupeleka. Bi Rahma mwenyewe hakuwahi kusafiri zaidi ya Unguja, Maskati na Makka. Alipofariki, Nasir akachukua nafasi yake ya kuomba hadithi, na siku moja akaona amrudishe baba yake kwenye barabara yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi.

Sib mpaka uwanja wa ndege

Njia hii ni fupi hata haistahili kichwa chake, lakini ilituchukua muda mrefu kuliko ilivyopaswa kwa ajili ya mke wangu, Bi Moza. Alifungasha kama tunakwenda kujenga. Alitutilia tende, chupa mbili tupu na kahawa ya unga yenye iliki, mikate ya ufuta, bakuli kubwa la halwa lililofungwa kwa karatasi za nailoni, na koti zito la mkwe wetu ambalo lilinifika kwenye vifundo vya miguu.

"Huko kuna chakula, mama Asma," nikamwambia.

"Kuna chakula cha wenyewe," akajibu. "Nyinyi mkipata mgeni mtampa nini?"

"Sisi ndio wageni."

"Hivyo ndivyo unavyosema kila mahali, na kila mahali unaishia kualika watu."

Nasir alitupeleka kwa gari lake. Njia nzima alikuwa na furaha kuliko sisi. "Baba, utamwonyesha ami Mbaruk ule mkahawa?" Salum akasema, "Inshallah, kama hawajauvunja." "Na ukifika kwenye lango unipigie simu, nikuone." "Inshallah, kama kuna mtandao." Nilikaa nyuma nikicheka moyoni. Nilidhani ni hofu ya ndege.

Istanbul

Tulipofika Istanbul theluji ilikuwa inaanguka kama pamba ya godoro lililopasuka, na ndege zote zilikuwa zimesimama. Kabla ya kusubiri ndege ya pili ilibidi tupite ukaguzi mwengine. Maskati halwa yetu ilipita bila maneno, maana mkaguzi aliuliza tu imepikwa wapi, akasifu. Istanbul mkaguzi aliitazama kwenye kioo cha mashine, akairudisha, akaitazama tena, akamwita mwenzake. Wakaifungua. Wakainusa. Mmoja akaibonyeza kwa kijiti, kijiti kikabaki humo.

Kwa Kiingereza changu cha skuli nikaelewa kwamba wanaihesabu kuwa kitu cha majimaji, na majimaji hayapiti.

"Majimaji?" Salum akang'aka. "Mwambie aipindue. Ikifika chini kabla ya Idi, mimi n'tainywa."

Nikamtafsiria kadiri nilivyoweza. Mkaguzi hakupindua. Akatuonyesha pipa la taka.

Hapo mzee wetu akageuka kuwa simba. Kutupa halwa ya Bi Moza! Akalichukua bakuli, akarudi nyuma ya mstari, akaketi kwenye benchi, akapandisha mikono ya kanzu. "Kama haipiti kwenye bakuli," akasema, "itapita kwenye matumbo." Akaanza kuwaita watu. Wa kwanza alikuwa bwana mrefu wa Ghana ambaye alisema anakula kidogo tu kwa adabu, kisha akaja mara tatu. Mama mmoja wa Kituruki aliuliza, kwa mikono na macho, kama ndani mna iliki, akatingisha kichwa kwa heshima. Vijana wa mkoba mgongoni walikula bila kuuliza. Ilipobaki robo, alikuja yule mwenzake mkaguzi, akatazama kushoto na kulia, akachota kwa vidole vitatu kama mtu aliyezaliwa Nizwa, kwenye halwa yenyewe.

Theluji haikukoma. Tulikaa pale mpaka tukajuana na wasafishaji. Mimi nilikuwa nimechoka, lakini Salum alizidi kuchangamka kila ndege zilipozidi kuchelewa.

"Pengine hawatarusha kabisa," alisema. "Pengine watatwambia turudi nyumbani."

"Wee, Shanzelize yako inakungoja."

"Imengoja miaka yote hii. Haitakufa."

Wakatangaza ndege yetu. Bwana wa Ghana, ambaye naye alikuwa anakwenda Paris, alifurahi akamshika Salum bega. Salum aliinuka kama mtu anayeitwa kwa daktari.

Paris, chini ya ardhi

Hoteli yetu ilikuwa mbali na mahali penyewe, na Nasir alituachia maelekezo ya treni ya chini ya ardhi. Asubuhi ya pili Salum alivaa kanzu nyeupe mpya, kilemba cha rangi ya zambarau, koti juu, na bakora mkononi. Mimi nilivaa kofia na lile koti la mkwe, nikawa naonekana kama godoro lililosimama.

"Twende," Salum akasema. "Mimi hapa ni mwenyeji."

Mwenyeji akatupandisha treni inayokwenda upande mwengine. Alipoingia ndani akawaamkia watu wote kwa sauti, "Salaam aleikum!" Mimi nikajificha kwenye ukosi wa koti. Lakini nusu ya behewa ikajibu, "Waaleikum salaam!" na mzee mmoja wa Aljeria akamwachia kiti. Salum akanitazama kwa ushindi. Tukaenda hivyo kwa raha mpaka nikaona majina ya vituo hayafanani na yale ya Nasir, na tulipotoka juu tukajikuta sokoni, kati ya mafungu ya bamia, mihogo na ndizi mbichi, na mama wa Kiafrika akitupigia kelele tusikanyage pilipili zake.

"Shanzelize imebadilika sana," nikasema.

"Usinichekeshe, Mbaruk. Wamehamisha vituo."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza la kukwepa. Wakati ule nililichukua kuwa mzaha.

Shanzelize, sehemu iliyo sawa

Mara ya pili tulifika. Tulitoka chini ya ardhi kwenye uwanja mpana kupita akili, magari yakizunguka pande zote, na katikati, kweli kabisa, mnara wa jiwe umesimama. Salum aliutazama kuanzia chini mpaka juu. Kisha akanigonga kwa bakora. "Mnara huu hapa! N'likwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia."

Na mbele yetu barabara yenyewe. Ndugu zangu, sitawadanganya: ni barabara ya kukutoa pumzi. Ukiweka magari yote ya Wadi Kabir ya Maskati ubavu kwa ubavu, nafasi inabaki ya kupita harusi. Sehemu ya kwanza ni bustani, miti haina majani hata moja kwa baridi, njia imenyooka na iko sawa kama sakafu. Tulitembea pale kwa raha. Watalii wa Kichina walimzunguka Salum wakapiga naye picha, kwa sababu ya kilemba, na mmoja akamuuliza kama yeye ni mfalme. Salum akajibu kwa Kiarabu kwamba ufalme ameuacha nyumbani kwa mwanawe.

Halafu bustani zikaisha, tukavuka mzunguko wenye maua, maduka yakaanza. Ndipo magoti yangu yakaanza kuzungumza. Nilitembea kidogo, nikasimama. Nikatembea, nikasimama tena. Nikatazama mbele: lango kubwa lilikuwa kule mwisho, juu, mbingu ikionekana kati ya miguu yake. Nikatazama tulikotoka: chini.

"Salum."

"Naam."

"Tunapanda."

"Hatupandi."

"Salum, magoti haya n'nayo mimi. Tunapanda. Wewe miaka yote unatwambia unateremka mpaka kwenye lango."

Akatia bakora chini, akafikiri. "Wameinua," akasema.

"Wameinua nini?"

"Barabara. Si unaona treni ziko chini? Walichimba, sasa ule udongo waupeleke wapi? Wameumwaga huku juu."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya taa. Kila nikijaribu kuacha naona Wafaransa wanabeba udongo kwa makarai na kulinyanyua lango, nacheka upya. Salum naye alicheka, lakini kidogo, kwa mdomo tu.

Kwenye mlango wa duka la mikoba alikuwa amesimama mlinzi mwenye suti nyeusi. Akatusogelea. Nilidhani anatufukuza. Akasema, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya visiwa, "Wazee wangu, mnatoka Zanzibar?"

Jina lake Soilihi, mtu wa Ngazija. Alitubusu mikono sote wawili mbele ya wateja wake. Mimi sikumpa nafasi hata ya kuuliza hali. "Mwanangu, wewe ni shahidi wetu. Barabara hii zamani ilikuwa inateremka kwenda kwenye lango, au inapanda?"

Soilihi akamtazama Salum, ambaye alikuwa anasoma bei za mikoba kwenye kioo kwa umakini mkubwa. Akanitazama mimi.

"Zamani sijui, mzee wangu," akasema taratibu. "Mimi nimekuja juzi tu."

Baadaye alituambia kwamba watoto wake wawili wamezaliwa hapo hapo Paris na mkubwa anamaliza chuo. Sikuliunganisha jambo hilo na jibu lake mpaka nilipokuwa nimesharudi Sib.

Baraza

Nilipodai kupumzika tukapata benchi kando ya njia, chini ya mti. Salum akafungua chupa ya kahawa tuliyoipika hotelini, mimi nikaweka tende juu ya kitambaa. Na nyinyi mnajua, watu wa kwetu wakishaketi na kahawa kando ya njia, mpita njia hapiti bila salamu. "Bonjour! Karibu! Tafadhal!" Tulimkaribisha kila aliyepita, kwa lugha tatu.

Wengine walikimbia. Wengine walitingisha kichwa wakisema hapana, hapana, kama tuliomba kitu. Kijana mmoja aliyevaa miwani alichukua tende, akatafuna, akatoa pochi. Salum akaapa wallahi hachukui. Kijana akasisitiza. Salum akamrudishia mkono wake kwenye mfuko wake mwenyewe. Watu wakasimama kutazama, na penye watu waliosimama huja askari.

Wakaja wawili, mwanamume na mwanamke. Walitaka kujua kwa idhini ya nani tunauza chakula mahali hapa.

"Hatuuzi," nikasema.

"Mnafanya nini basi?"

Hilo ni swali gumu. Jaribuni nyinyi kumweleza askari wa Paris maana ya baraza. Nilisema, "Tumekaa." Akasema, "Na chakula?" Nikasema, "Ni cha watu." "Watu gani?" "Wanaopita." Akauliza kama sisi ni wa chama, au wa dini fulani, au tunatangaza kahawa. Salum, aliyekuwa hafahamu hata neno, akaona mazungumzo yamekuwa marefu na mgeni hajanyweshwa. Akamimina kahawa kidogo chini ya kikombe, akasimama, akampa yule mwanamke kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto kifuani, akangoja. Hakuondoka, hakushusha mkono. Yule askari alitazama kikombe, akamtazama mwenzake, akakipokea, akanywa. Uso ukakunjamana kwa iliki, kisha ukafunguka. Akala tende. Mwenzake akala mbili. Wakatuambia tufunge, tuondoke, na wakatusaidia kukunja kitambaa.

"Umeona?" Salum akasema tulipoendelea kupanda. "Wangekuwa na baraza, wasingehitaji polisi."

Nakuambieni, sikumbuki siku niliyofurahi na Salum kama ile.

Turubai jekundu

Tulikuwa tumekaribia lango, mimi nimeishiwa pumzi, Salum mbele yangu kidogo, aliposimama ghafla nikamgonga mgongoni.

"Mbaruk! Mbaruk, lipo!"

Pembeni mwa njia palikuwa na mkahawa. Na mbele yake, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, turubai jekundu.

"Lipo, wallahi! Turubai lipo! Tena jekundu!" Alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, macho yamejaa maji. "Subhanallah, lipo kweli!"

Ndipo nikafahamu. Mtu anayerudi mahali husema, bado lipo. Salum alishangaa kama mtu aliyeota kitu usiku na asubuhi akakikuta juu ya meza.

"Salum," nikasema, "si ulikaa hapa?"

Akasogea, akaketi nje chini ya lile turubai, nami nikamfuata. Mhudumu akaleta kahawa, vikombe vidogo vimejazwa mpaka ukingoni. Huku kwetu Oman, kwa wasiojua, kahawa hutiwa funda moja tu, na ukimjazia mgeni kikombe umemwambia kunywa uende zako, usirudi.

"Hata hatujakaa vizuri," Salum akasema, "wameshatufukuza." Lakini hakucheka. Akakizungusha kile kikombe kwenye kisahani chake, na ndipo akaniambia.

Meli ilitia nanga Marseille, wao wa mashine hawakuruhusiwa kushuka. Mpishi alikuwa na kalenda, na mwezi mmoja wa kalenda ile ulikuwa na picha ya Shanzelize. Salum akaitazama picha ile kila siku alipokwenda kuchukua chakula. Aliporudi akaenda kuposa, baba wa Rahma akamuuliza amefika wapi duniani. Kijana mweusi kwa moshi wa mashine, hana kitu, akasema amefika Shanzelize.

"Baadaye akaja kuniuliza Rahma mwenyewe, ikoje," Salum akasema. "Nikamwambia. Akauliza tena, nikaongeza. Ningemwambia kweli lini, Mbaruk? Siku ya harusi? Siku aliyozaliwa Nasir?"

"Na mbwa?"

Hapo akatabasamu. "Mbwa ni wake Rahma. Alisema mkahawa mzima hauna hata mnyama? Nikamwambia basi palikuwa na paka. Akasema paka wako tele Unguja, nitafutie kitu kingine. Nikamtilia mbwa. Koti alilivika yeye, alisema Ulaya kuna baridi."

Kisha nikasema, "Picha ya kalenda haikuonyesha mlima."

"Haikuonyesha."

Tukatazamana, na kicheko kikatutoka wote wawili kwa pamoja mpaka mhudumu akaja kuuliza kama kuna tatizo. Salum alicheka kwa tumbo safari hii. Alipojifuta macho akaniambia, "Sasa skiza. Tukirudi, wakitaka khabari za safari, ulumu utaulizwa wewe, kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Sema kheri, ukomee hapo."

"Kwani mimi mtoto?"

"Nasir asijue. Hiyo ndiyo iliyobaki kwake ya mama yake."

"Kheri tu," nikamwambia. Na wallahi nilimaanisha.

Tukaenda mpaka kwenye lango. Akampigia Nasir simu, akamwonyesha barabara yote mpaka kule chini. Nilisimama pembeni nikasikia Nasir akisema, "Kama ulivyotwambia, baba!" Salum akanitupia jicho. Nikaitikia kwa kichwa: kama alivyotuambia. Kurudi tuliteremka, na magoti hayakuniuma.

Sib

Sasa hili la ulumu. Nyinyi wa Unguja pengine mmelisahau. Huku mtu akirudi safari, huketishwa majlis, chumba cha wageni, hupewa kahawa na tende kwanza, halafu mkubwa wa waliopo humuuliza: "Ulumu?" Yaani khabari za huko. Kama wamesafiri wengi, hujibu mkubwa wao, wengine hunyamaza. Na jibu linajulikana: hakuna ila kheri. Hata kama nyumba imeungua nyuma yako, unaanza na kheri, na mwenye busara anaweza kuishia hapo hapo, hakuna atakayemlaumu.

Nasir alichinja mbuzi nyumbani kwa baba yake. Wazee wote wa barazani kwetu walikuwapo. Nasir mwenyewe alisimama na birika akitugawia kahawa, kama inavyompasa mtoto wa nyumba. Bwana Seif, mkubwa wetu, akakohoa, akaniuliza, "Haya, sheikh Mbaruk. Ulumu?"

"Hakuna ila kheri," nikasema.

"Alhamdulillahi. Na Shanzelize?"

Salum alikuwa anatazama tende zake. Nilikuwa na neno langu tayari: kheri. Lakini nikaziona zile nyuso, zote zimenigeukia, zimeshaanza kutabasamu kabla sijasema kitu, maana miaka yote mimi ndiye ninayewachekesha. Nikasema, "Shanzelize ipo. Ila ina mlima."

Hawakuelewa. Basi nikawaelezea. Nikawaelezea wanaoinua barabara kwa makarai, wakacheka. Kicheko ni kama kahawa, ukitiliwa mara moja unataka tena. Nikawapa kalenda ya mpishi, wakajipiga mapajani. Bwana Seif alivua miwani akajifuta macho, akisema, "Basi, Mbaruk, utaniua." Sikuacha. Nikawapa mbwa. Nikawaambia koti alilivika nani.

Nilipomaliza ndipo nikaona kwamba Nasir amesimama katikati ya chumba na birika mkononi, na hacheki. Alikuwa anamtazama baba yake. Salum akainuka, akapitia mlango wa ndani, akaufunga. Mwenye nyumba haachi wageni wake majlis, nyinyi mnajua. Mbuzi aliletwa, tukala bila mwenyewe, na hakuna aliyesifu upishi.

Nilimpa siku chache, kisha nikaenda kumwomba radhi. Nilipiga hodi, akanifungulia mwenyewe, akanikaribisha kwa sauti ya kawaida, akanikalisha mahali pangu pa siku zote. Nikasema niliyokwenda kusema. Nilisema yote, sikujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua birika, akanimiminia kahawa taratibu, akaendelea kumimina, mpaka ikafika ukingoni, ikasimama imevimba juu ya kikombe bila kumwagika. Akanipa kwa mkono wa kulia.

Niliinywa yote, ikiwa ya moto, nikaondoka.

Idi iliyopita hakuna aliyeomba hadithi. Nasir aliponiona msikitini alinipa mkono, akaniita Bwana Mbaruk. Salum amehamia baraza nyengine, upande wa pili wa soko, na mimi nikipita njia ile naamkia watu wote, naye hujibu pamoja nao.

Mmeniuliza safari ilikuwaje. Nilikwenda kwa sababu niliombwa nisiende, na imenigharimu Salum. Nilikuwa na rafiki tangu skuli, sasa sinaye.